Chupa Sita Chini ya Baraza

Kwa miaka kumi na mitatu nilikaa chini ya nyumba ya mwanamke Mwingereza, Mount Dennis, Toronto, kwenye mtaa mfupi unaoteremka kuelekea mtoni. Nasema chini kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: yeye juu, mimi na binti yangu besimenti, na katikati yetu ngazi ya mbao iliyolia kila mtu alipoikanyaga. Nilihamia mwaka 2004. Binti yangu alikuwa na miaka miwili, na mume wangu alikuwa bado Dodoma akisubiri karatasi za uhamiaji. Mimi nilikuwa nimepata kazi kwenye kiwanda cha mikate, zamu inayoanza saa kumi na mbili asubuhi.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa miaka sabini hivi, mrefu, mwembamba, aliyependa kuvaa masweta ya marehemu mumewe ingawa yalimfika karibu na magoti. Alikuja Kanada akiwa bibi harusi na hakuondoka tena. Hawakujaliwa watoto. Wiki ya pili baada ya mimi kuhamia, aliniona kupitia dirishani nikimbeba mtoto kwenye baridi, nimemfunika blanketi mpaka kichwani, nampeleka kwa mlezi mtaa wa pili. Niliporudi mchana nikamkuta ananisubiri barazani. Akasema kwamba yeye huamka saa kumi na moja kila siku, apende asipende, na haoni sababu ya mtoto kutolewa kitandani ili akalale kwenye nyumba ya mtu mwingine. Kuanzia kesho yake binti yangu akawa anapandishwa juu na nguo zake za kulalia, na mimi nikitoka kazini nawakuta wawili hao wamemaliza chakula cha mchana, wanacheza karata kwa sheria walizojitungia.

Alitaka nimwite kwa jina lake. Nilijaribu siku mbili nikashindwa. Alikuwa na umri wa mama yangu mzazi. Nikamwambia nitamwita Mama. Akasema yeye si mama wa mtu. Nikamjibu kwamba kwetu hilo si kikwazo. Baada ya hapo akawa anaitika.

Nyumba nyingi za zamani za Toronto zina kichumba chini ya baraza ya mbele, kichumba cha zege kisicho na joto wala dirisha, ambamo watu walikuwa wakihifadhi viazi kabla ya friji. Mlango wa kichumba hicho ulikuwa jikoni kwangu. Siku aliponionyesha nyumba aliufungua, akaniambia rafu zote ni zangu isipokuwa ile ya chini kabisa. Pale palikuwa na chupa sita zimelazwa ubavu, nene, za kijani kilichokaribia weusi, vizibo vyake vimefungwa kwa waya na kufunikwa karatasi ya rangi ya dhahabu.

"Hizo usiziguse," akasema. "Hata mimi sizigusi."

Nilidhani ni kumbukumbu ya mumewe, sikuuliza. Nikapanga mchele wangu, unga wa ugali, vitunguu, na dagaa niliowafunga kwenye mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na bado Mama alishuka siku ya kwanza kuuliza kama kuna mnyama amefia ukutani.

Lakini mimi ni mtoto wa zabibu. Baba alikuwa na ekari moja na nusu ya mizabibu nje kidogo ya mji wa Dodoma, na sisi watoto wote tulijua kupogoa kabla ya kujua kugawanya kwa mafungu. Zabibu zetu tuliwauzia mapadri, nao walitengeneza mvinyo. Kwa hiyo haikuchukua muda kabla sijachuchumaa mbele ya rafu ile na tochi, nikasoma lebo bila kugusa kitu. Unyevu ulikuwa umeanza kuzila zile lebo, lakini picha ya lango dogo la mbao ilionekana, na chini yake maneno kwamba zabibu zimekuzwa na mvinyo kutengenezwa Uingereza.

Nilicheka peke yangu. Uingereza niliyoisikia mimi ilikuwa ya mvua na ukungu. Zabibu ya kwetu inataka jua linalokukausha hadi ulimi, na udongo mwekundu unaopasuka. Jioni hiyo nikamuuliza Mama kama ni kweli kwao kuna watu wanaolima zabibu.

"Wapo," akasema. "Watu wasiokuwa na kazi nyingine ya kufanya." Halafu akaniuliza kama nimeshalipia kadi ya basi ya mwezi ule, nikaelewa kwamba mazungumzo hayo yamefungwa.

Miaka ikaenda. Binti yangu akaanza shule, akaanza kuniitikia kwa Kiingereza kila nilipomwita kwa Kiswahili, tena Kiingereza cha Mama, chenye neno la "samahani" katikati ya kila kitu. Lebo za zile chupa zikazidi kuoza. Mbili zilianguka kabisa, nikaziokota na kuzilaza juu ya chupa kama zilivyokuwa. Mume wangu akafika mwaka 2009, mwezi wa pili, na koti la kuazima. Alitazama theluji akaniuliza kama itatoka wiki hiyo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, binti yetu alipokea Komunyo ya Kwanza. Tulialika Watanzania wa parokiani na wengine wa mtaa wa Jane na Finch tuliojuana nao kwenye misiba na harusi, watu kama ishirini na tano, katika besimenti ya vyumba viwili. Watoto tuliwatoa uani na soda zao na muziki wao. Mama alishuka mwanzoni, amevaa gauni badala ya sweta, akala pilau sahani nzima, akampa binti yangu rozari ya mbao, kisha akapanda kupumzisha miguu.

Kwa ajili ya wakubwa nilikuwa nimenunua juisi ya matofaa yenye gesi, ile inayouzwa kwenye chupa nene yenye karatasi ya dhahabu shingoni ili sherehe ionekane sherehe hata kwa wasiokunywa. Nilinunua chupa nne nikaziweka kwenye kichumba cha baridi. Wakati wa kugonganisha glasi ulipofika, nikamwomba mume wangu azilete. Nilimwambia zipo chini, upande wa kushoto. Nilimaanisha sakafuni. Yeye alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza alirudi na mbili, mara ya pili na mbili. Kwenye lile giza hakuona kwamba moja kati ya hizo haikuwa na lebo.

Alizifungua zote, akamimina, akapitisha. Palikuwa na mama mmoja miongoni mwa wageni wetu, mtu mzima anayeheshimiwa sana, aliyeokoka zamani na asiyegusa kilevi hata kwenye keki. Alionja, akasema kwamba juisi hii ni ya pekee, imetengenezwa na watu wanaojua kazi yao. Akaomba kidogo tena. Mume wangu akamjazia.

Mimi glasi yangu ilifika mwisho. Niliinua, na kabla haijafika mdomoni nikasikia harufu ya kazini kwangu. Ni harufu ninayoifahamu kuliko manukato yoyote: ile ya saa moja asubuhi, mlango wa tanuri unapofunguliwa na mikate ya kwanza inatoka. Nilishusha glasi nikaitazama. Rangi yake ilikuwa ya majani makavu, na mapovu yake yalikuwa madogo mno, yanapanda kwa mstari mmoja mwembamba bila haraka. Nilikunywa. Nikamtafuta mume wangu kwa macho, nikamwita jikoni, nikafungua kile kichumba. Chupa tano.

Hakuelewa mpaka nilipomweleza, na alipoelewa akakaa juu ya gunia la mchele. Akauliza kama zinauzwa mahali, tununue nyingine. Nikamwambia sidhani kama hizi zinauzwa mahali popote. Tukarudi kwa wageni, tukatabasamu, tukakata keki.

Yule mama aliyeokoka nilimpigia simu siku mbili baadaye. Nilihisi kwamba kumficha ni kumkosea mara mbili. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema Mungu anajua kwamba hakujua. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, mvinyo huo unatoka nchi gani.

Lakini wa kwanza kumwambia alikuwa Mama. Nilipanda ngazi siku iliyofuata sherehe, baada ya misa, nimevaa bado nguo za kanisani. Alikuwa mezani anafumbua fumbo la maneno la gazeti. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: kwamba mume wangu alichukua chupa yake gizani, kwamba haikuwa makusudi, kwamba kosa ni langu kwa sababu sikumwonya, kwamba tumeinywa yote na watu ambao hawakujua wanakunywa nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilikuwa nimejiandaa hata kuambiwa tutafute nyumba.

Aliweka kalamu chini.

"Ilikuwaje?" akaniuliza.

Nikadhani anauliza ilitokeaje, nikaanza upya habari ya mume wangu na giza. Akatikisa kichwa. Akasema hilo ameshalielewa. Anataka kujua ladha.

Basi nikavuta kiti. Nikamweleza mikate, nikamweleza mapovu, jinsi yalivyochoma kidogo ulimini halafu yakapotea kama hayakuwapo. Nikamwambia kwamba ilikuwa kali, kali ya kupendeza, kama zabibu ya kwetu iliyochumwa wiki mbili kabla ya wakati wake. "Na mwishoni kabisa," nikasema, "ukishameza, linabaki tofaa. Si tofaa bichi. Ni tofaa lililokaa siku nyingi ndani ya kabati mpaka kabati lote linanukia."

Mkono wake, uliokuwa unachezea kalamu, ulisimama.

Ndipo akanisimulia. Zile chupa zilitoka kwa mdogo wake wa kiume. Walilelewa kusini mwa Uingereza, kwenye nyumba yenye shamba dogo la mteremko ambalo mama yao alilipanda mitofaa. Mama yao alipofariki, nyumba na shamba vilibaki kwa yule mdogo kwa sababu ndiye aliyebaki nyumbani. Miaka michache baadaye Mama akapokea kadi ya Krismasi ikiwa na picha ndani. Mitofaa haikuwapo. Mteremko mzima ulikuwa umewekwa nguzo na nyaya, na vijiti vidogo vya mizabibu. Aliandika barua moja, ambayo alisema hajivunii. Mdogo wake akajibu. Yeye hakuifungua. Na hivyo ndivyo ndugu wawili ambao hawakuwa na mwingine duniani walivyokaa miaka zaidi ya kumi na tano bila kuzungumza.

Mumewe alipofariki, mdogo wake hakuja mazikoni, lakini alimtuma binti yake, na yule binti alikuja na katoni moja: chupa sita za mavuno ya kwanza kabisa ya lile shamba. Mama alitaka kuzimwaga kwenye sinki. Akashindwa, kwa sababu amelelewa asimwage kitu. Akashindwa pia kuzinywa. Akazipeleka chini ya baraza.

"Watu hudhani mvinyo unatunzwa kwa mapenzi," akaniambia. "Huu umetunzwa kwa ukaidi."

Halafu akaniambia nimwite mume wangu, kwa kuwa ameshaonyesha kwamba anajua kuzifungua, alete nyingine.

Tuliifunga kwenye taulo. Mume wangu aliizungusha taratibu, na kizibo kikatoka kwa mlio mdogo kama mtu aliyeshusha pumzi. Mama hakuwa na glasi za kufaa, tukatumia zile za maji. Akanusa kwanza. Akanywa funda moja, akaishika glasi kwa mikono miwili, akatazama nje ya dirisha kwenye ua wa jirani. Hakulia. Alisema tu kwamba wana wazimu, wote wawili, yeye na mdogo wake. Kisha akaomba simu.

Namba alikuwa anaijua kwa kichwa. Uingereza ilikuwa jioni. Nilitaka kutoka, akanionyesha kwa kidole nikae. Nilisikia simu ikiita, ikapokelewa, na yeye akasema, "Ni mimi. Nimeifungua." Kisha nikasikia sauti ya mwanamume, sikusikia maneno. Mama akasikiliza. Akasema, "Nne." Akasikiliza tena, na uso wake ukabadilika.

Alipokata simu alitueleza. Mdogo wake alikuwa ameuliza zimebaki chupa ngapi, kwa sababu yeye hakuwa nayo hata moja ya mwaka ule. Shamba lilikuwa dogo, chupa zilikuwa mia chache, na wakati ule alikuwa na haraka ya kuuza. Baadaye kwa miaka miwili baridi ya mwezi wa nne iliua machipukizi, akauza mpaka za akiba. Mavuno yake ya kwanza yalikuwa yamebaki sehemu moja tu anayoijua, karibu na dagaa wangu.

Alikuja mwaka uliofuata, mwezi wa sita. Tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege sote wanne, na mimi nilimtambua kabla ya Mama, kwa sababu alikuwa na urefu uleule na sweta kubwa kupita mwili kama la Mama. Walisimama wakatazamana. Alimwambia dada yake kwamba amezeeka. Dada akamwambia kwamba yeye amezeeka zaidi. Wakashikana mikono kama watu wanaofanya biashara, kisha hawakuachiana mpaka tulipofika kwenye gari.

Kesho yake alishuka besimenti. Nilikuwa nimefagia kile kichumba na kuhamisha dagaa. Akapiga goti kwa shida, akaitoa chupa moja polepole, akaiinua dhidi ya dirisha la jikoni kwangu. Akaniuliza ni nani aliyezilaza hivi. Nikamwambia zililazwa hivyo kabla sijafika, mimi nilifunga mlango tu. Akasema kufunga mlango ni nusu ya kazi.

Nilimwita Mjomba. Nilimweleza kwamba kaka wa mama ni mjomba na hakuna njia ya kulikwepa hilo. Alilipenda neno hilo, akawa anajitaja kwalo hata akiongea na jirani. Aliniuliza mambo ya baba yangu: anapogoa mwezi gani, anaacha macho mangapi ya kuchipua kwenye tawi, ndege anawafukuza kwa kitu gani. Nilipomwambia kwamba Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka alikaa chini. Yeye alivuna mara moja, mwezi wa kumi, mvua inanyesha, zabibu zikiwa bado chachu kiasi cha kukunja uso. Lakini uchachu huo ndio uliotakiwa. Niliuita mvinyo wake shampeni, akanikataza kwa upole, akasema neno hilo lina wenyewe Ufaransa na wanalilinda. Njia ni ileile, mahali ni pengine.

Njia hiyo alinionyesha mezani kwangu kwa chupa tupu ya siki. Kwanza unatengeneza mvinyo wa kawaida. Halafu unautia kwenye chupa pamoja na sukari kidogo na hamira, unafunga, unaulaza. Hamira inakula sukari mle ndani, hewa inakosa pa kwenda, ndiyo yale mapovu. Hamira ikishamaliza inakufa na kubaki kama mashapo, na mvinyo unalala juu yake miaka mitano. Baadaye unaigeuza chupa kidogo kidogo, kila siku, mpaka isimame kichwa chini na mashapo yote yakae shingoni. Unagandisha shingo, unafungua, kile kipande cha barafu kinaruka na uchafu wake, unaziba upya. Yeye na mkewe walifanya yote hayo kwa mikono, kwenye banda lililokuwa la ng'ombe.

Nikamwambia kwamba hamira ya kiwandani kwetu inakufa tanurini kwa nusu saa. Akasema ndiyo sababu nimeitambua harufu: ni wafanyakazi walewale, ila wake wanapewa muda.

Mzabibu wa jirani yetu, mzee wa Kireno, ulikuwa umepanda uzio na kumwaga matawi upande wetu. Mchana mmoja nilimkuta Mjomba ameusimamia, mikono nyuma, kama daktari. Akaniuliza ningefanya nini. Nikaanza kupunguza majani yaliyofunika vichala, upande wa asubuhi tu, kama baba alivyonifundisha. Akaanza upande wake. Tulifanya hivyo karibu saa nzima. Jirani alitoka, akatutazama, akaingia ndani, akarudi na viti viwili.

Siku ya tatu yeye na Mama waligombana. Nilisikia kupitia sakafu. Walianza na idadi ya mitofaa. Mama alisema ilikuwa kumi na miwili, Mjomba alisema tisa. Kisha sauti zikapanda, na mimi nikapanda pia, nimebeba sahani ya maandazi kama kisingizio. Mjomba alikuwa ametoa picha kutoka kwenye pochi. Akaiweka mezani. Ilikuwa ya mti mmoja, mzee, umeinama, umejaa maua meupe, na pande zote mbili safu za mizabibu.

"Iliyobaki ilikuwa imeoza mpaka kwenye moyo, dada," akasema. "Ukungu uliimaliza. Mama mwenyewe alijua. Huu ulikuwa mzima, nikauacha."

Mama aliitazama picha. "Ungeniandikia."

"Niliandika."

Aliinuka, akaenda chumbani kwake, nikasikia droo ikivutwa. Alirudi na bahasha ya bluu ya zamani, ile nyepesi ya barua za ndege, imefungwa bado. Akaiweka pembeni ya picha. Mjomba aliitambua. Akaisukuma tena taratibu upande wa dada yake, akamwambia aisome akiwa peke yake. Nami nikaweka maandazi mezani, nikashuka. Mama hakuwahi kuniambia kilichokuwamo, na mimi sikuwahi kuuliza. Nilichokiona ni kwamba kesho yake asubuhi alimpikia mdogo wake uji wa shayiri, akamwekea jamu katikati kwa umbo la uso unaocheka, na yule mzee wa miaka sabini aliula wote.

Tulifungua chupa moja kabla hajaondoka. Yeye alikunywa kidogo sana, akawa anaizungusha glasi tu. Alisema wakati ule hakuwa anajua anachofanya, na kwamba tangu hapo amejifunza mengi lakini hajaweza tena kutengeneza mvinyo kama ule. Moja aliondoka nayo, imefungwa ndani ya masweta mawili. Nyingine tulifungua Mama alipotimiza miaka themanini, na yule mama aliyeokoka alikuja, akaletewa juisi yake, akaichunguza sana kabla ya kunywa.

Mwaka 2017 magoti ya Mama yalikataa ngazi kabisa. Alipata chumba kwenye nyumba ya wazee upande wa magharibi wa jiji, karibu na ziwa. Nyumba ikauzwa. Sisi tukapata fleti ya kukodi si mbali na pale, karibu na shule ya binti yetu. Wiki ya mwisho tulikuwa tukipanda na kushuka na maboksi, na siku ya kuondoka Mama akaniambia nilete iliyobaki. Mjomba alikuwa kwenye simu, kwenye spika, iliyowekwa juu ya boksi la vyombo. Yeye hangeweza tena kusafiri. Mkewe alimkataza, na moyo wake pia.

Mume wangu akafungua. Haikulia. Nilimimina, na nikajua kabla ya kunusa. Rangi ilikuwa ya chai. Mapovu yalikuwa matatu au manne, yamechoka, na hata hayo yalipotea tukiwa tunayatazama. Ilinukia karanga na sakafu ya mbao. Mkate haukuwapo, wala tofaa. Tulikuwa tumeingoja kupita wakati wake.

"Haya," sauti ya Mjomba ikasema kwenye simu. "Niambieni."

Mama alikunywa. Akaishusha glasi, akanitazama mimi machoni, akasema, "Kama ile ya kwanza. Labda nzuri kuliko ile."

Mjomba akaniita mimi. "Mpwa wangu. Ni kweli?"

Mama alikuwa bado ananitazama.

"Kweli, Mjomba," nikasema.

Akacheka, kicheko kirefu cha mzee kilichoishia kwenye kikohozi, na akatuambia tusiache hata tone. Hatukuacha. Tulikaa juu ya maboksi, mimi, mume wangu na Mama, tukanywa mpaka ikaisha, huku Mjomba akitusimulia baridi ya mwaka huo na jinsi alivyowasha mishumaa kati ya safu za mizabibu ili machipukizi yasife. Kisha nikaosha glasi, nikazifunga kwenye magazeti moja moja, kwa sababu gari la mizigo lilikuwa limeagizwa saa nane.